Somo la Kazi za Mikono: Kutia Rangi Maua ya Muhuri Kwenye Kadi

Muhuri tunaufahamu sote. Barua ikitoka ofisi ya kijiji bila muhuri, watu huitilia shaka. Muhuri hugongwa mara mia, na kila mara huandika neno lile lile. Sasa tuseme badala ya jina la ofisi, muhuri umechongwa ua. Ukiugonga kwenye karatasi ngumu iliyokunjwa, umepata kadi. Lakini kadi hiyo ina mistari tu. Ua bado halijapata uhai. Uhai huja na rangi, na rangi ndiyo somo letu.

Tunaandika somo hili kwa sababu vikundi vya akina mama na vijana vimetuuliza. Wanatengeneza kadi za harusi, za Krismasi na za Idi, na karatasi wananunua kwa pesa zao wenyewe. Kikundi kimoja kiligonga maua 40 jioni. Asubuhi wakaanza kupaka rangi, na kadi zote 40 zikaharibika. Mama mmoja akatuuliza, "Mwalimu, mbona ua langu linalia?" Kweli lilikuwa linalia. Wino mweusi ulikuwa ukitiririka ndani ya petali kama machozi yenye wanja. Mikono yao haikuwa na kosa. Ni wino. Tutalieleza jambo hilo kwa urefu, maana ndilo linalokula pesa za watu.

Kazi yenyewe si ngeni duniani. Mwaka 1843 huko London, Uingereza, bwana mmoja aliyeitwa Henry Cole alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi ya Krismasi. Mistari ilichapwa kwa wino, kisha kadi zikatiwa rangi kwa mkono, moja baada ya nyingine. Kila kadi iliuzwa shilingi moja ya Kiingereza, na kwa wakati ule hiyo haikuwa pesa ndogo. Hiyo ndiyo kadi ya Krismasi ya kwanza inayojulikana kuuzwa madukani. Kwa hiyo mtu anayegonga muhuri na kushika brashi anafanya kazi ile ile iliyoanza biashara hii.

KARATASI

Karatasi ya daftari haifai. Ni nyembamba, ikinywa maji hujikunja kama jani la muhogo wakati wa jua kali. Tafuteni karatasi ngumu. Wenye maduka hupima ugumu wa karatasi kwa gramu. Karatasi ya daftari ni kama gramu 60 au 70. Ya kadi yafaa iwe gramu 200 hadi 300. Manila nyeupe nzito inafaa kwa kuanzia. Ile laini inayong'aa tusiinunue. Inakataa maji, rangi inabaki juu kama umande kwenye jani la myugwa.

Sasa vipimo. Shika rula. Karatasi ya kawaida ya ofisini, wanayoiita A4, ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Ukate urefu wake katikati. Utapata vipande viwili, kila kimoja milimita 148 kwa 210. Kunja kila kipande katikati tena. Kadi ikikunjwa itakuwa milimita 105 kwa 148. Bahasha ya saizi C6 ina milimita 114 kwa 162, hivyo kadi inaingia bila kulazimishwa. Tumeona watu wanatengeneza kadi nzuri, kisha hawapati bahasha ya kuitosha. Nani atanunua kadi isiyo na bahasha? Anza na bahasha, kisha kata kadi.

Kabla ya kukunja, weka rula kwenye mstari wa katikati na upitishe mgongo wa kisu taratibu. Usikate. Mkunjo utanyooka. Lakini usikunje bado. Paka rangi kadi ikiwa imelala wazi, kunja baadaye.

MUHURI WENYEWE

Viazi vinachongeka vizuri, lakini baada ya siku moja au mbili vinasinyaa na ua linazeeka. Afadhali soli ya kandambili kuukuu. Osha, kausha, chora ua upande ulio laini, halafu kata kwa wembe pale pasipotakiwa wino. Bandika kwenye kipande cha ubao ili upate mahali pa kushika. Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli nao ni mzuri: kata petali moja moja kwa mkasi, zipange juu ya ubao, zibandike kwa gundi ya viatu. Watoto wasichezee wembe.

Kumbuka kuwa muhuri hugeuza. Ua likitazama kulia kwenye mpira, litatazama kushoto kwenye kadi. Kwa ua si neno. Kwa maandishi ni balaa. Ukitaka kuchonga HERI, lazima uchonge kinyume, kama unavyoona maandishi kwenye kioo.

WINO UNAOLIA

Wino wa pedi ya ofisini umetengenezwa kukauka upesi kwenye barua. Aina nyingi za wino huo huyeyuka kwa maji, hata ukingoja wiki nzima. Ukipitisha brashi yenye maji juu yake, unaamka na kutembea. Ndiyo maana ua linalia.

Basi tufanye jaribio kabla ya kuharibu kadi. Gonga muhuri kwenye kipande cha karatasi ya kutupa. Kilaze usiku kucha. Asubuhi chukua brashi yenye maji safi tu, bila rangi, upitishe juu ya mstari. Mstari ukibaki kama ulivyo, wino unafaa. Maji yakiwa meusi, wino haufai kwa mistari ya kupakia rangi. Jaribio hili linakula kipande kimoja cha karatasi. Bila jaribio, kikundi kile kilipoteza kadi 40.

Wino wa mafuta, ule wanaotumia wachapaji, hauogopi maji. Chukua kidogo sana, upake juu ya kipande cha kioo au kigae, uusambaze kwa kitambaa mpaka uwe mwembamba. Gusisha muhuri hapo, kisha gonga kwenye kadi. Ubaya wake ni kwamba huchelewa kukauka, siku mbili, tatu, nne, na wakati wa masika hata zaidi. Gonga Jumatatu, paka rangi Ijumaa. Dukani msiombe "wino mweusi" tu. Semeni mnataka wino usiotoka kwa maji, na mkipewa, mfanye jaribio hata hivyo. Muuzaji naye huenda hajui.

Lakini tusiutupe wino unaolia. Una kazi yake. Gonga ua kwa wino wa pedi wa bluu au mwekundu, badala ya mweusi. Chukua brashi yenye maji kidogo, gusa mstari, vuta kuelekea katikati ya petali. Wino utafuata brashi. Kingo za petali zitakuwa nzito na katikati itakuwa nyepesi, kama petali halisi. Hapo hukununua rangi kabisa. Kikundi kisicho na pesa ya rangi kianzie hapa.

Wengine hugonga muhuri kwa rangi ya maji yenyewe. Inawezekana, ila mpira huikataa, inakusanyika matone matone. Pitisha brashi juu ya sabuni ya kipande kwanza, kisha uchanganye na rangi. Sabuni huifanya ikubali kushika mpira.

RANGI TATU ZINATOSHA

Rangi ya maji huuzwa katika vidonge ndani ya kiboksi, au katika vitubu vidogo. Ndani yake mna unga wa rangi uliosagwa na kushikanishwa kwa gundi ya miti ya jamii ya mgunga. Sudan ndiyo inayojulikana sana kwa gundi hiyo. Gundi inayeyuka kwa maji, ndiyo sababu kidonge kikavu hufufuka ukikigusa kwa brashi.

Usinunue boksi la rangi 24 kwa kuvutwa macho. Nunua nyekundu, njano na bluu zilizo nzuri. Njano na bluu zikikutana tunapata kijani. Nyekundu na bluu, zambarau. Nyekundu na njano, rangi ya chungwa. Zote tatu zikikutana tunapata udongo. Udongo nao una kazi: vikonyo, matawi, mbegu za alizeti. Ila ukiupata bila kuutaka, ua limekufa. Kwa hiyo kuweni na makopo mawili ya maji, moja la kuoshea brashi, jingine la maji safi ya kuchanganyia.

Nyeupe je? Katika rangi ya maji, nyeupe ni karatasi. Hili huwasumbua wanaoanza, maana wamezoea rangi ya nyumba, ambapo ukikosea unapaka nyeupe juu yake. Hapa huwezi. Mahali unapotaka peupe, usipaguse. Unaanza na rangi nyepesi, unakwenda kwenye nzito. Kurudi nyuma ni kugumu.

Ukitaka rangi nyepesi, ongeza maji. Ukitaka nzito, punguza maji. Basi.

MAJI JUU YA MAJI, NA MAJI JUU YA PAKAVU

Kuna njia mbili kubwa. Tuanze na ya pili kwa kuwa ni rahisi: karatasi kavu, brashi yenye rangi. Rangi inakaa pale unapoiweka, na kingo zake zinaonekana kali. Njia hii inafaa kwa vikonyo, mishipa ya majani na vitu vidogo.

Njia nyingine ni kulowesha kwanza. Chukua maji safi, paka ndani ya petali moja tu, hadi kwenye mstari, usivuke. Inamisha kadi utazame kwenye mwanga. Karatasi iwe inang'aa, lakini maji yasiwe yamesimama kama dimbwi. Sasa gusa rangi mahali pamoja, karibu na katikati ya ua. Itasambaa yenyewe ikielekea kwenye ncha, ikififia kadiri inavyokwenda. Usiisaidie. Tunajua mkono unawasha kutaka kuisaidia, lakini iache. Rangi inajua njia ya maji kuliko wewe.

Halafu usipake petali ya jirani mara moja. Ikiwa zote mbili zina maji, zitaungana na utapata petali moja kubwa isiyo na umbo. Paka ya kwanza, ruka, paka ya tatu, ruka, paka ya tano. Zikikauka, rudi kwa zile ulizoruka. Ukiwa na kadi kumi mezani, zipitie zote kwa petali ya kwanza, kisha uanze tena. Mpaka umefika ya kumi, ile ya kwanza imekauka. Hapo ndipo kazi ya kikundi inapoonyesha faida yake.

Sasa kuna hatari moja. Rangi ikiwa nusu imekauka, nusu ina maji, ukiigusa kwa brashi yenye maji mengi, maji yanaisukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo za mawimbi, kama kabichi iliyofunguka. Likitokea, usilisugue. Ngoja likauke kabisa. Mara nyingine huonekana zuri, ukalifanya kuwa petali ya nyuma. Kanuni yake ni hii: paka ikiwa bado inang'aa, au ngoja ikauke kabisa. Katikati ya hapo, weka mikono mapajani.

Rangi ikizidi, osha brashi, ikamue kwa kitambaa, iguse pale palipozidi. Brashi kavu hunywa rangi kama kitambaa kinavyonywa maji yaliyomwagika. Njia hiyo hiyo inaweza kukupa mng'ao juu ya petali.

MAUA MATATU YA KUJIFUNZIA

Alizeti. Petali zake zote zipake njano nyepesi, ngoja zikauke. Kisha changanya njano na nyekundu kidogo sana, uguse shina la kila petali, pale inapokutana na mbegu. Katikati weka udongo mzito. Rangi ikiwa bado mbichi, nyunyizia punje chache za chumvi. Kila punje inavuta maji na kuacha nukta nyepesi, na nukta hizo hufanana na mbegu. Ikikauka, ipukute chumvi kwa kidole.

Asumini. Hili ni ua jeupe, na wengi husema haliwezekani. Linawezekana kwa kupaka pasipo ua. Acha petali, paka nyuma yake bluu au kijani chenye maji mengi, ua litajitokeza lenyewe. Ukiogopa kuvuka mstari, sugua petali kwa ncha ya mshumaa mweupe kwanza. Nta hukataa maji. Kama petali hazina nta, weka kivuli chepesi sana cha bluu upande mmoja wa kila petali. Chagua jua linatoka upande gani, na vivuli vyote viwe upande wa pili. Tumewahi kuona kadi ambayo kila petali ilikuwa na jua lake!

Ua la tatu ni la kwetu, nalo limezunguka dunia. Mwaka 1892, wakati Wajerumani wakitawala, Walter von Saint Paul-Illaire alilikuta huko Usambara, mkoani Tanga, akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 wataalamu wakalipa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Leo Wazungu hulipanda kwenye vyungu madirishani na huliita ua la Afrika. Porini hukaa kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Sasa limekuwa adimu porini kwa sababu misitu inakatwa, kwa hiyo atakayeliona alichore pale pale. Asiling'oe.

Lina petali tano, mbili ndogo juu na tatu kubwa chini, rangi ya zambarau, na katikati vitu viwili vya njano. Hapo pana mtego. Zambarau ina nyekundu na bluu ndani yake. Ikikutana na njano, rangi zote tatu zimekutana, na tumeshasema zikikutana tunapata nini. Kwa hiyo paka njano kwanza, iache ikauke kabisa, kisha paka zambarau ukiacha uzi mwembamba wa karatasi nyeupe kati yake. Majani yake ni ya duara na yana vinyweleo. Paka kijani, kikikauka chukua brashi yenye rangi nzito na maji machache mno, ipitishe kwa kuparuza. Hapo vinyweleo vitaonekana.

Mgeni anayepita Lushoto au Tanga akionyeshwa ua hilo kwenye kadi na kuambiwa kwao ni hapa hapa, huuliza bei. Andikeni maelezo hayo kwa sentensi mbili nyuma ya kadi.

RANGI ZA NYUMBANI, NA JUA

Tumeulizwa kuhusu manjano ya mchuzi na maji ya choya. Zinapaka, na watoto hufurahia. Lakini hazifai kwa kadi za kuuza. Manjano hufifia upesi juani, na choya hugeuka rangi, hasa ikiguswa na kitu chenye magadi. Mteja akinunua ua jekundu, baada ya mwezi akakuta la kahawia, harudi.

Hata rangi za dukani hazilingani. Zipimeni. Paka mstari wa kila rangi kwenye karatasi, funika nusu kwa kadibodi, weka juani wiki tatu au nne. Funua, linganisha. Zile zilizofifia zitumike kwa mazoezi tu. Na kadi za kuuza zisitundikwe dirishani mwa duka mchana kutwa.

Kadi ikikauka, iweke chini ya vitabu vizito usiku mmoja ili inyooke. Ikauke kivulini. Ukiiweka juani inapinda.

HESABU YA KIKUNDI

Tutoe mfano, ninyi mtaweka bei za soko lenu. Tuseme karatasi moja ya kadi mbili ni shilingi 300, yaani 150 kwa kadi. Bahasha 200. Rangi na wino 100. Jumla kadi moja imegharimu 450. Mkiuza 1,000, faida ni 550. Kadi 20 zitaleta faida ya 11,000.

Sasa tuseme kadi 5 kati ya 20 zimeharibika. Bahasha zimebaki, lakini karatasi na rangi zimekwenda: 250 mara 5 ni 1,250. Kadi 15 zilizouzwa zimeleta 8,250. Toa 1,250, inabaki 7,000. Kadi tano mbovu zimekula shilingi 4,000 za kikundi. Na hapo bado hatujahesabu saa za watu waliokaa mezani, ambazo vikundi vingi husahau kuzitia kwenye bei.

Tusidanganyane pia kuhusu soko. Siku hizi salamu nyingi zinakwenda kwa simu, tena bila gharama kubwa. Anayenunua kadi anataka kitu cha kushikwa na kuwekwa: harusi, kuhitimu, ubarikio, pole ya msiba. Kwa kadi za pole tumieni bluu na kijani kilichofifia, nyekundu iacheni. Kadi za Krismasi zianze kutengenezwa Oktoba, maana wino wa mafuta unataka siku zake. Idi nayo huja mapema zaidi kwa siku kama 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo tazameni kalenda, msitegemee tarehe ya mwaka jana.

KAZI YA WIKI HII

Gonga ua moja mara sita kwenye karatasi ya kutupa. Mbili lipake kwa maji juu ya maji, mbili kwa maji juu ya pakavu, moja kwa nta ya mshumaa, na moja kwa kuvuta wino wa pedi. Andika chini ya kila moja, kwa maneno yako, ulifanya nini na lilikauka kwa muda gani. Lete karatasi hiyo kituoni.

Kisha jibu swali hili katika daftari: Kikundi kimetengeneza kadi 30 kwa gharama zile zile za mfano wetu. Kadi 3 zimeharibika kabla ya kutiwa kwenye bahasha. Zilizobaki zimeuzwa shilingi 1,200 kila moja. Kikundi kimepata faida ya shilingi ngapi?